Lisi ya fleti yako Malindi inakaribia kuisha? Anza hivi, na anza mapema

Nduzangu wa Malindi, Watamu, Lamu na popote mlipo na fleti huku pwani, hili jambo la lisi, yaani mkataba wa kukodi ardhi kwa miaka maalumu, watu wanalilaza mpaka siku zimebaki chache ndo mbio zinaanza, huyu anatafuta wakili, yule anatafuta dalali anayejua mtu ofisini, na hela zinaenda bila kitu kufanyika. Mtu alinunua fleti pale Casuarina au Silversands zamani, akapewa karatasi zake akafungia kabatini, akajua basi hiyo ni yake na wanawe na wajukuu. Lakini kama ardhi iliyo chini ya hilo jengo ni ya lisi basi ina siku yake ya kuisha, na ikiisha kabla haijaongezwa ardhi inarudi serikalini na fleti yako imekaa juu yake. Wanaoumia zaidi ni wazee na wajane ambao kodi ya hiyo fleti ndiyo inayowalisha, ndo maana naandika kwa urefu.

Nikisema mapema namaanisha miaka mitano kabla ya tarehe ya mwisho, na ukiweza zaidi ya hapo ni bora.

Hatua ya 1: Jua ardhi yenyewe ni ya aina gani

Huku kwetu usikisie kabisa. Pwani ina ardhi za milki kamili zisizo na mwisho, kwa sababu ile sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwaruhusu watu kupeleka madai yao na waliothibitisha wakapewa hati za milki, na hizo zimekuwa zikirithiwa na kuuzwa mpaka leo. Kama jengo lenu liko kwenye ardhi ya namna hiyo basi hamna lisi ya serikali ya kuongeza, lisi yako ni ile uliyoandikiana na mwenye ardhi, na hapo mnakaa mnaongea, mnakubaliana miaka na bei, wakili anaandika na inasajiliwa. Na hapa niseme kitu, manake watu wanasoma mambo ya Uingereza kwenye intaneti wanadhani ni ya kwetu. Kule sheria ya 1993 ilimpa mwenye fleti haki ya kudai aongezewe miaka 90 na mwenye ardhi hawezi kukataa tu hivihivi. Kenya hatuna haki kama hiyo dhidi ya mwenye ardhi binafsi. Akikataa amekataa, kwa hivyo mwendeeni wakati bado mna miaka mingi mkononi na bado mnaelewana.

Kama wewe si raia, na Malindi wenye fleti wasio raia ni wengi hasa Waitaliano, Katiba ya 2010 kifungu cha 65 inasema unaweza kumiliki ardhi kwa lisi pekee na isizidi miaka 99. Hata aliyekuwa na milki kamili au lisi ya miaka 999 aligeuziwa ikawa miaka 99 kuanzia Katiba ilipoanza kazi, tarehe 27 Agosti 2010. Kuna watu bado wana karatasi ya zamani iliyoandikwa 999 na wanaiamini. Msiiamini.

Halafu kuna wakfu, hasa Lamu mji wa kale, na hata Malindi zipo. Kiwanja kikiwa cha wakfu hakiuzwi, na habari ya miaka unaipeleka kwa msimamizi wa wakfu na kwa tume inayosimamia wakfu, si kwa ofisi za serikali ninazozitaja huku chini. Na zile nyumba bila ardhi, ambapo nyumba ni yako na kiwanja ni cha mtu unamlipa kodi ya kiwanja, hizo pia ni habari nyingine kabisa.

Mwongozo huu kuanzia hapa ni wa fleti zilizo juu ya lisi ya serikali.

Hatua ya 2: Tafuta hati mama

Hii ndo hatua ambayo watu wengi hawaijui, na ndo roho ya mambo yote. Karatasi uliyo nayo kabatini mara nyingi ni lisi ndogo, yaani umekatiwa kutoka kwa lisi kubwa ya kiwanja kizima, na hiyo kubwa ndo hati mama. Lisi ndogo haiwezi kuishi zaidi ya ile kubwa. Kwa kawaida imeandikwa iishe siku chache kabla ya hati mama kuisha. Kwa hivyo hata ukiwa na wakili mzuri vipi, wewe peke yako huwezi kuongeza miaka ya fleti namba 7 wakati hati mama imebaki na miaka minne. Kinachoongezwa ni hati mama, na anayeomba ni yule ambaye jina lake liko kwenye hati mama.

Soma lisi yako ndogo kurasa za mwanzo, utakuta namba ya kiwanja. Kwa Malindi nyingi zimeandikwa Portion No. fulani Malindi, na mara nyingi kuna namba ya CR, hiyo ni ya rejista ya pwani iliyoko Mombasa. Hati nyingine zinashughulikiwa ofisi ya ardhi ya Kilifi. Kama uko Lamu anzia ofisi ya ardhi ya Lamu hapo kisiwani. Ukishapata namba fanya sachi rasmi, yaani uchunguzi wa rejista, ulipie na upewe karatasi yenye muhuri. Kama hati yenu imeshaingizwa kwenye Ardhisasa, ule mfumo uliozinduliwa Aprili 2021 ukaanzia Nairobi, basi sachi inafanyiwa huko mtandaoni.

Kwenye hiyo karatasi ya sachi angalia nani ameandikwa mwenye hati mama, lisi ilianza lini na ni ya miaka mingapi, kama kuna benki imeishika kwa mkopo, na kama kuna zuio lolote limewekwa. Tarehe ya kuanza ndo inawachanganya watu, wanahesabu kutoka mwaka walionunua. Lisi ya miaka 99 iliyoanza tarehe 1 Januari 1932 inaisha mwisho wa Disemba 2030, haijalishi wewe umenunua fleti 2015.

Hatua ya 3: Mwenye hati mama ni nani, na yuko hai?

Mambo matatu yanatokea hapa. La kwanza, jina ni la kampuni ya usimamizi ambayo kila mwenye fleti ana hisa moja ndani yake. Hiyo ndo hali nzuri. La pili, jina bado ni la yule mjenzi aliyewauzia, manake alitakiwa akimaliza kuuza fleti zote aihamishie kampuni ya usimamizi hati mama na hakufanya, na sasa labda amefariki au amerudi kwao. La tatu, kampuni ipo kwenye karatasi lakini hakuna aliyepeleka ripoti za mwaka kwa msajili wa kampuni miaka yote hiyo, mwishowe imefutwa, na kampuni iliyofutwa haiwezi kuomba kitu.

Toa CR12 ya kampuni kupitia eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali (hii si ile CR ya ardhi, msichanganye), itawaonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Kama kampuni imefutwa, wakili aombe irejeshwe kwenye daftari kabla ya chochote. Kama hati mama iko kwa mjenzi, mtafuteni aihamishe, na kama ameshafariki itabidi warithi wake wawe na karatasi za mirathi. Kwa Waislamu mirathi hiyo inaweza kwenda mahakama ya Kadhi, Malindi ipo na Lamu ipo. Haya yote yanakula muda, na ndo sababu nimesema miaka mitano, si kwamba serikali peke yake ndo inachelewesha.

Halafu iangalieni hiyo CR12 vizuri kwa jicho la uraia. Katiba inasema kampuni ni ya raia pale tu inapomilikiwa na raia watupu. Mwenye hisa mmoja akiwa Mtaliano au Mjerumani, kampuni nzima haihesabiwi kuwa ya raia. Hapa Malindi majengo mengi ya fleti yako hivo, na nitawaambia kwa nini jambo hili ni zito kwenye hatua ya 7.

Hatua ya 4: Kusanya majirani

Kazi kubwa kuliko zote ni hii, kuliko hata ofisi. Jengo lina fleti kumi na kitu, wawili wako Italia, mmoja yuko Nairobi, mmoja amefariki na watoto wanagombana, mmoja hajalipa ada ya usimamizi miaka na hapokei simu. Anzeni na grupu ya WhatsApp ndio, lakini grupu si mkutano. Itisheni mkutano wa kampuni kwa notisi ya maandishi kama katiba ya kampuni inavosema, pitisheni azimio la kuomba kuongezewa lisi, mtaje nani atasaini na wakili ni nani, mkubaliane kila fleti itachanga kiasi gani, na muandike kumbukumbu zisainiwe.

Wale walioko nje waandike hati ya uwakala, waisaini mbele ya notari huko waliko, waitume halisi si picha, na isajiliwe huku. Mueleweshe kila mmoja kwa upole manake wengine wanafikiri wanaibiwa. Mimi naona njia bora ni kuwatumia ile karatasi ya sachi yenyewe, mtu akiiona tarehe ya mwisho kwa macho yake anaelewa haraka. Pesa za mchango ziwe kwenye akaunti ya kampuni yenye wasaini wawili au watatu, zisiwe kwenye simu ya mtu hata awe mwaminifu vipi, hiyo ni kumlinda na yeye pia.

Hatua ya 5: Lipa madeni na safisha kiwanja

Hakuna atakayeigusa faili yenu kama kuna deni. Na madeni ni ya sehemu mbili tofauti ambazo watu wanazichanganya kila siku. Renti ya ardhi inaenda serikali kuu, Wizara ya Ardhi, manake ndo mnalipia hiyo lisi. Reti, yaani kodi ya mali, zinaenda kaunti, kwa Malindi ni Kaunti ya Kilifi. Umelipa moja haimaanishi umelipa nyingine. Mnahitaji cheti cha kutodaiwa kutoka kila upande. Kama riba imefura ulizeni kaunti kama kuna msamaha wa riba wakati huo, na kama hamuwezi kwa mkupuo mmoja ombeni kulipa kidogokidogo, kwa maandishi.

Kisha toeni ile hati mama msome masharti yaliyoandikwa ndani. Kama imeandikwa matumizi ni makazi tu, na nyinyi mmegeuza jengo likawa kama hoteli, wageni wa wiki wiki na baa hapo chini, hilo ni kuvunja sharti na linaweza kuwa sababu ya ombi kukwama. Afadhali mbadilishe matumizi kwa njia halali kwanza, au muombe pamoja kwa ushauri wa mtaalamu.

Wale wa majengo ya ufukweni sikilizeni hili. Katiba inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Kama kuna ukuta, ngazi au banda limesogea likaingia ufukweni, likitokea wakati saveya anapima limewaharibia, kwa hivyo mwiteni saveya mapema aonyeshe bikoni, yaani alama za mpaka, ziko wapi na jengo liko wapi. Ukuta uliotoka nje ya mpaka mbomoe wenyewe. Najua inauma, lakini kupoteza ukuta na kupoteza ardhi havilingani.

Hatua ya 6: Peleka ombi

Sheria inayohusika ni Sheria ya Ardhi ya 2012, hasa kifungu cha 13, pamoja na kanuni za kuongeza na kuhuisha lisi za 2017. Kanuni zinasema Tume ya Kitaifa ya Ardhi inatakiwa iwaandikie wenye lisi ndani ya ile miaka mitano ya mwisho kuwajulisha kwamba lisi inakaribia kuisha. Msikae kuingoja hiyo barua. Anwani iliyoko kwenye faili yenu labda ni sanduku la posta la mjenzi ambalo halijafunguliwa tangu zamani, barua itaenda na hamtaiona, na tarehe haiwangoji.

Mnachobeba ni hivi: fomu ya ombi iliyosainiwa, nakala ya hati mama, sachi ya karibuni, vyeti viwili vya kutodaiwa renti na reti, CR12 na cheti cha usajili wa kampuni, azimio la mkutano, vitambulisho au pasipoti na PIN za KRA za wakurugenzi, na ripoti ya mtaalamu wa mipango miji aliyesajiliwa akieleza jengo, matumizi yake na kwa nini muongezewe. Benki ikiwa imeishika hati, pata barua yake ya ridhaa. Kwa Lamu mji wa kale, ambao uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, tegemea watu wa makumbusho nao waulizwe, hasa kama mnataka kuongeza jengo pamoja na lisi.

Ombi linapitia kwa wataalamu, kaunti inatoa maoni upande wa mipango na upimaji, Tume inaamua kwa niaba ya serikali, mthamini wa serikali anaangalia thamani ndipo renti mpya inapangwa, na mwisho Wizara inaandaa na kusajili lisi mpya. Renti mpya itakuwa juu, jiandaeni. Ile ya zamani ilipangwa miaka ambayo Malindi ilikuwa kitu kingine. Na miaka mtakayopewa si lazima iwe 99, soma barua ya kukubaliwa uone imeandikwa mingapi na masharti yapi, na kama kuna siku za mwisho za kukubali na kulipa, msizipitishe.

Kila karatasi unayopeleka, beba na fotokopi yake, igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, uondoke nayo. Hili silisemi kwa mchezo. Faili zinahama kutoka meza moja kwenda nyingine na kutoka Kilifi kwenda Nairobi, na siku ikiulizwa mliomba lini, ile fotokopi yenye muhuri ndo inawaokoa, manake inaonyesha mliomba lisi ikiwa bado hai. Malipo yote yapitie eCitizen au akaunti rasmi ya ofisi na risiti itoke. Mtu akikwambia nitumie kwa simu nitakuharakishia, hata awe amevaa kitambulisho cha kazi, mkatae na uondoke.

Kila baada ya muda andika barua ya kuulizia, ya kistaarabu, ukitaja tarehe ya ombi. Wakikataa wanatakiwa wawape sababu kwa maandishi, hiyo ni haki yenu chini ya kifungu cha 47 cha Katiba. Sababu moja wanayoweza kutoa na ikasimama ni kwamba ardhi inahitajika kwa matumizi ya umma. Msiporidhika, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko hapa hapa Malindi, hamna haja ya kupanda basi kwenda Mombasa.

Hatua ya 7: Kama imeshaisha

Hapa jina la kitu linabadilika na uzito unabadilika. Ukiomba kabla ya kuisha unaomba kuongezewa. Ikishaisha, ardhi imerudi serikalini na unaomba upewe tena. Kifungu cha 13 kinasema aliyekuwa na lisi ndo apewe nafasi ya kwanza, lakini kwa masharti mawili, awe raia wa Kenya na ardhi isiwe inahitajika na serikali kuu au kaunti kwa matumizi ya umma. Sasa rudini kwenye ile CR12. Kampuni yenye mwenye hisa mmoja asiye raia haina hiyo nafasi ya kwanza ya kujitetea nayo, na fleti zote za raia waliomo ndani zinaburutwa pamoja. Bibi wa Barani aliyenunua fleti kwa jasho lake anajikuta hana haki hiyo kwa sababu ya jirani wa ghorofa ya juu anayekuja mara moja kwa mwaka, na jirani mwenyewe hana kosa lolote. Kwa majengo ya mchanganyiko kama haya naona hakuna mjadala, ombi liwe limepokelewa kabla ya tarehe.

Ikiwa imeshaisha na nyinyi bado mko ndani, endeleeni kulipa reti, msianze ujenzi wowote, na pelekeni ombi wiki hii si mwezi ujao. Fanyeni sachi mara kwa mara pia, kuona kama kuna mtu ameandikishwa juu ya kiwanja chenu.

Hatua ya 8: Lisi mpya imetoka, bado hujamaliza

Watu wanasherehekea hapa wanasahau. Hati mama kupata miaka mipya haimaanishi lisi yako ndogo nayo imepata. Ile ndogo imeandikwa tarehe yake na itaisha kwa tarehe hiyo hiyo mpaka uandikiwe nyingine. Kwa hivyo kila mwenye fleti anatakiwa apate karatasi yake mpya.

Na siku hizi karatasi bora ni hati ya fleti yenyewe chini ya Sheria ya Mali za Kisehemu ya 2020. Hiyo inakupa hati kwa jina lako ya fleti yako, pamoja na fungu lako la sehemu za pamoja kama ngazi, bustani na kidimbwi cha kuogelea, na wenye fleti wote wanakuwa shirika moja la usimamizi. Lakini kwa ardhi ya lisi sheria hiyo inataka hati mama iwe imebakisha miaka isiyopungua 21. Ndo maana jengo lililobakisha miaka 15 haliwezi kugeuza, linaongeza kwanza ndipo linageuza. Kama nyinyi mmebakisha 25 saa hii, mna nafasi ya kuchagua, na ningeshauri msiiache ipite.

Saveya atachora ramani ya kila fleti, ghorofa na vipimo vyake, ramani itapitishwa, halafu hati zitatoka moja moja. Siku ya kuchukua yako usisaini kabla hujasoma jina herufi kwa herufi, namba ya kitambulisho, namba ya fleti na ghorofa, na tarehe lisi inapoanza na inapoishia. Kosa la herufi moja likirekebishwa hapo kaunta ni dakika chache. Likigunduliwa siku unauza au siku warithi wako wako mahakamani, ni faili mpya. Piga picha kurasa zote, mtumie mtoto mmoja unayemuamini, na mwambie halisi umeiweka wapi.